Nani Kasema Mkulima Halipi Kodi?



Liko neno linalosemwa, hata na watu wenye kadi ya Chama mfukoni: kwamba mkulima wa Kibondo na Kasulu halipi kodi, basi anyamaze, awaachie wenye mali waamue matumizi ya fedha za serikali. Huo ni uongo mtupu.

Babu zetu wa Buha walilipa. Mjerumani alileta kodi ya nyumba, na Mwingereza akaiendeleza kwa sheria yake ya mwaka 1922. Shilingi hazikuota shambani. Waha wakapakiwa garimoshi Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Na kwa kila kibanda, mwenye ng'ombe hamsini na asiye na hata kuku walidaiwa sawasawa.

Kodi ya maendeleo, iliyowalaza wanaume vichakani wakimkimbia mgambo, ilifutwa mwaka 2003. Je, ndiyo mwisho? Hata! Maharage yakienda sokoni yana ushuru. Ukinunua saruji au bati, unaacha dukani asilimia 18 ya VAT, ile ile anayoiacha mwenye maghorofa Dar es Salaam. Mwaka 2021 ikaja tozo ya simu: kijana akimtumia mama yake fedha ya chumvi, serikali ikachukua chake njiani.

Tulipiga kelele. Tozo ikapunguzwa, na mwaka 2023 ile ya kutuma pesa ikaondolewa. Lakini hapa nitasema lisilopendeza. Kelele zetu zilikuwa "tusitozwe"; hatukuuliza "atozwe nani?" Dawa za zahanati haziletwi na upepo. Asipolipa mwenye nyumba kumi za kupangisha, atalipa mwenye jembe. Na wapo wenzetu wanaomtetea tajiri kwa kutumaini kwamba kesho watakuwa yeye! Wanachunga ng'ombe wasiokunywa maziwa yake.

Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakakatwa pia. Alianzia juu, hakuanzia kwa tarishi.

Nasi wa Kasanda tuanzie hapo. Anayekuja kuomba kura aulizwe hadharani, mbele ya wazee na akina mama: misamaha ya kodi wamepewa akina nani, na kwa sababu gani? Kodi ya mapango ya mijini inakusanywa kwa nani, na nani anaachwa? Akibabaika, mwenyekiti amwite anayefuata.