Fishi ya mgonjwa: kwa nini haivuki zone moja ya afya kwenda ingine?

Mtu mwenye kutibiwa kifua kikuu anapashwa kumeza dawa kwa muda wa miezi 6. Vita ikimkuta katikati ya matibabu, anakimbia Masisi kuja Goma, lakini fishi yake inabaki kule. Muganga mpya hajui alianza dawa gani wala siku gani. Matibabu ikikatika, ugonjwa unaweza kuzoea dawa.

Inchi yetu iko na zone za afya 519. Kila mwezi hesabu zinatumwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, huko Norwe. Lakini hesabu si mtu. Ripoti ya mwezi inasema wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi, haisemi ni akina nani.

Tena mashirika yanayosaidia huku mashariki, kila moja inaweza kuja na programu yake. Hapa wanatanguliza jina na postinomu, pale prenomu. Hapa wanaandika tarehe ya kuzaliwa, pale umri tu. Duniani kuna kanuni inayoitwa FHIR, inayosaidia programu mbalimbali kuelewana. OMS nayo iko na orodha inayopatia kila ugonjwa alama yake. Njia basi iko.

Lakini kwanza, tutajuaje kama huyu ni yule? Wengi wetu tunatumia karti ya uchaguzi kama kitambulisho. Mtoto hana, na yeye njo mwenye chanjo nyingi za kufuatiliwa.

Kisha kuna siri. Fishi ya mwenye SIDA ikipita kwenye mtandao, nani ataifungua? Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu. Ila sheria peke yake haifungi mlango wa ofisi wakati watu wa bunduki wameingia.

Kwa hiyo, mbele ya kununua kompyuta, serikali na mashirika wapatane juu ya mambo machache ya kuandika namna moja kila pahali: majina, tarehe ya kuzaliwa, dawa na siku ilianza, chanjo. Waanzie kwenye karne ya karatasi, ile mgonjwa anakimbia nayo hata moto wa umeme ukikatika. Kompyuta itafuata.

Kwa sasa, msikilizaji, ukitoka kwa muganga, omba aandike jina la dawa na tarehe kwenye karne yako. Ni haki yako.