Anayetapeliwa Si Mjinga

Tukisikia mtu ametapeliwa, jambo la kwanza ni kucheka. "Tamaa mbele, mauti nyuma," twasema, kisha twaendelea na uji wetu. Mimi pia nilikuwa mcheshi wa aina hiyo, hadi mama yangu alipotapeliwa.

Mama huuza ndengu hapa soko la Kiritiri, na chenji huihesabu mara mbili. Muhula uliopita alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu. Eti nimeanguka bwenini, nimekimbizwa hospitalini, na daktari hanigusi kabla ya pesa kutumwa! Jina langu alilijua, kidato changu alikijua. Mama akatuma pesa zote za magunia mawili. Wakati huo, mimi nilikuwa darasani nikipambana na hesabu.

Je, hapo tamaa iko wapi? Kulikuwa na mapenzi, hofu na haraka. "Usikate simu, mama," yule mkora alisisitiza. Kumbe alijua akikata, atampigia mwalimu wa kweli.

Hata penye tamaa, huwa pana imani pia. Mwaka 2006 na 2007, Wakenya wengi walipanda "mbegu" za pesa katika mashirika ya piramidi. Jopokazi la serikali liligundua kuwa watu zaidi ya 140,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Waliotangulia walilipwa kweli, kwa pesa za waliofuata, nao wakawaita shemeji na majirani. Charles Ponzi alitumia ujanja uo huo kule Boston, Marekani, mwaka 1920, akiahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Watu hawakumwamini tapeli tu. Walimwamini jirani aliyelipwa.

Maoni yangu ni haya: kicheko chetu ndicho kinachomfaa tapeli. Mama alinyamaza wiki tatu kwa aibu. Katika wiki hizo, mzazi mwingine wa hapa shuleni alipigiwa simu kama ile, naye akatuma. Laiti mama angesema!

Wenzangu, tukifunga shule tuwaambie wazazi: kata simu, kisha piga namba ya shule unayoijua wewe. Na aliyetapeliwa tumpe pole, atueleze alivyonaswa. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza: mficha utapeli, jirani huumia.