« MAFUTA NI MAFUTA » : NENO LA HATARI



Kuna neno tunalisikia kila siku katika ateliye : « Mafuta ni mafuta. » Mafuta ya reduktere yamepunguka, fundi anatafuta, anapata bido ingine, anamwanga, mashini inazunguka, kazi inaendelea. Mimi nasema neno hilo linaweza kuua mutu. Sikiliza sababu.

Kila kipande cha mashini kina ngozi yake. Meno ya pinyo ya chuma yalipashwa moto wa digri karibu 900 ili karboni iingie ndani, kisha yakapozwa mbio. Ngozi imekuwa ngumu sana, lakini ugumu ule ni wa milimetre moja ao mbili tu. Katikati chuma kimebaki laini kidogo, kisivunjike kwa kishindo. Ukipitisha shalimo hapo, ugumu umekwisha.

Pinyo ingine mupya inatoka katika kisanduku na rangi ya majivu, haing'ae. Vijana wanafikiri ni kutu, wanaisugua na papie ya emeri mpaka ing'ae kama sahani ya mama. Ile si kutu, ni fosfati ! Iliwekwa kwa makusudi, inanywa mafuta na kuyashika katika siku za kwanza, wakati meno yanazoezana.

Mafuta nayo yana dawa ndani yake. Kwa pinyo zenye kubeba muzigo mukubwa, wanatia dawa ya kiberiti na fosfori. Meno yakikamuana mpaka mafuta yanakimbia, joto linapanda, na dawa inashikana na chuma, inafanya utando mwembamba. Utando ule ndio unaolika pahali pa chuma. Basi ujue : dawa hii inakula ngozi kidogo kidogo ili kuilinda. Kwa chuma kigumu, ni jambo jema.

Lakini treyi nyingi zina gurudumu la bronzi linalozungushwa na visi ya chuma. Bronzi ni nini ? Ni shaba yetu pamoja na etani. Na shaba na kiberiti vinapendana tangu zamani, mawe ya Kipushi yanatuonyesha. Ukitia mafuta yenye kiberiti kikali katika reduktere ile, na ikipata moto, bronzi inakuwa nyeusi na meno yanaanza kulika. Hausikii kelele yoyote. Kisha siku moja meno yanakatika, na muzigo unaangukia wale walio chini.

Utaniuliza : nitajuaje mafuta mabaya ? Kwa macho hautajua, kwa harufu pia hapana. Mafuta mengine yana kiberiti na hayaharibu bronzi, sababu dawa yake imetulizwa. Watu wa laboratware wanazamisha kibamba cha shaba kilichosuguliwa vizuri katika mafuta ya moto, mara nyingi digri 100 kwa saa 3, kisha wanaangalia rangi yake. Wewe hauna laboratware mufukoni. Una kitabu cha mashini na etiketi ya bido, basi.

Na wewe mama wa nyumba, salopeti ya bwana isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Mafuta yaliyokwisha kutumika yana vumbi la vyuma na sumu ya kuunguzwa. Yakigusa ngozi miaka na miaka, yanaweza kuleta kansere. Usiyapakae mutoto juu ya kidonda, hata kama jirani anayasifu.

Najua shefu anangoja tani zake, na pengine magazini haina mafuta yanayotakiwa. Hapo ni shefu mwenyewe anapaswa kusimamisha treyi, si fundi wa usiku kubahatisha peke yake. Tuandike jina la mafuta kwa rangi juu ya kila reduktere, herufi kubwa. Na bido iliyopoteza etiketi isirudi tena katika magazini.