Programu za umma zikaguliwe kabla ya kuzinduliwa

Matatu ya viti 14 hairuhusiwi kisheria kubeba abiria kabla ya kukaguliwa. Breki hupimwa, taa hutazamwa, na gari likishindwa hurudishwa gereji. Lakini programu ya kompyuta ibebayo majina, alama za vidole na siri za mamilioni ya wananchi aghalabu huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha ndipo watu huanza kuulizana iwapo breki zake zilipimwa.

Huku ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda. Ukaguzi wa usalama na wa utiifu wa sheria hauna budi kuwa mlango ambao programu haiwezi kuupita kabla ya kumfikia mwananchi. Tena uwe mlango usiofunguka kwa sababu mkubwa fulani amepiga simu.

Kwa wasioifahamu kazi hii, wahandisi makini huipitisha programu katika msururu wa vipimo vinavyoendeshwa na kompyuta yenyewe. Kipimo kimoja hutafuta nywila zilizosahauliwa waziwazi ndani ya programu. Kingine huchunguza sehemu zilizoazimwa kutoka kwa waandishi wengine, kisije kikaingizwa kijipu kinachojulikana tayari. Kingine hujaribu iwapo mtu anaweza kubadilisha nambari moja tu na kuisoma faili ya jirani yake. Kando ya hivyo kuna maswali ya sheria: data hii inakusanywa kwa idhini ya nani, itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?

Hata hivyo, vipimo hivyo havijipangi vyenyewe. Ni binadamu anayeamua kosa lipi lizuie uzinduzi na lipi litolewe onyo tu. Akiamua kwamba kila kosa ni la kuonywa, programu mbovu itapita huku taa zote zikiwaka kijani. Kipimo kisichoweza kukataa si kipimo, ni pambo.

Ushahidi tunao. Mnamo Julai 19, 2024, mwendo wa saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kenya, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma nyongeza ndogo kwa wateja wake. Nyongeza hiyo ilitarajia vipengele 21 ilhali programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ilitoa 20. Kikaguzi kilikuwapo, lakini nacho kilikuwa na dosari, kikaipitisha. Isitoshe, nyongeza haikutumwa kwa kundi dogo kwanza. Ilitumwa kwa wote. Iliondolewa baada ya dakika 78, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilizimika. Ndege zilikwama na hospitali zikaahirisha matibabu. Ikiwa mlinzi mwenyewe aliteleza hivyo, sembuse ofisi inayokimbizana na tarehe ya sherehe?

Hapa nyumbani tumeyaonja machungu ya namna nyingine. Mnamo 2019 mamilioni ya Wakenya walipanga foleni kusajiliwa kwa Huduma Namba. Novemba 2020 serikali ikaanza kutoa kadi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 31, inaagiza kwamba pale ambapo ukusanyaji wa data unaweza kuhatarisha sana haki za watu, tathmini ya athari zake ifanywe kwanza. Haikufanywa. Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu akabatilisha utoaji wa kadi hizo na kuagiza tathmini ifanywe kabla ya kuendelea. Mradi huo ulikuwa umekwisha kumeza mabilioni ya shilingi, na hatimaye ukatupwa.

Je, tulijifunza? Mwaka wa 2023, mradi wa kigeni wa Worldcoin ulipiga picha mboni za macho ya vijana wetu na kuwapa sarafu za kidijitali. Serikali iliusimamisha Agosti 2 mwaka huo, macho yakiwa yamekwisha kupigwa picha. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, tathmini ile ile ikiwa haikufanywa ipasavyo, na ikaamuru ifutwe.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi huchelewesha maendeleo, na kwamba mgonjwa anayesubiri huduma hawezi kungojea wahandisi wabishane. Hoja hiyo ina uzito, wala si ya kubezwa. Lakini ni nani aliyecheleweshwa zaidi kuliko yule aliyepiga foleni mwaka wa 2019 kwa kadi ambayo haina kazi leo? Vipimo vikipangwa tangu siku ya kwanza ya kuandika programu, vingi humalizika kwa dakika chache. Kinachochelewesha ni kuvikumbuka usiku wa kuamkia uzinduzi.

Basi na yafanywe haya. Kwanza, tarehe ya kuzindua programu yoyote ya umma isitangazwe kabla ya ripoti ya ukaguzi kukamilika, na muhtasari wake uchapishwe. Pili, programu ianzie katika kaunti moja kabla ya kuenea kote. Tatu, afisa anayeamuru kipimo kirukwe aandike jina lake na sababu yake, ili siku ya lawama asitafutwe mhandisi mdogo wa kubebeshwa mzigo. Nne, mhandisi anayesema "bado" alindwe, wala asihesabiwe kuwa mkaidi.

Nywila ikiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi, wala mboni ya jicho haishonwi upya. Maji yakimwagika hayazoleki, na ndiyo maana mtungi hukaguliwa ufa kabla ya kutekwa maji, si wakati umekwisha kutwikwa kichwani.