Bati jembamba humuumbua fundi

Je, umewahi kumwona fundi akijikuna kichwa mbele ya mlango wa matatu uliojaa matundu aliyoyatoboa mwenyewe? Mwenye gari amesimama kando, na bati jipya litatoka mfukoni mwa nani?

Mji wa Thika si mgeni kwa kazi hii. Kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanza huko mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, kimeuzoesha mji huu mabodi ya malori na mabasi. Lakini kijana wako aliyejifunzia jua kali kwa kuchomelea mageti kwa vijiti hushtuka anapokabidhiwa mashine ya MIG na bati la gari. Chuma cha geti chenye unene wa milimita 3 humsamehe. Bati la geji 20, ambalo halifiki hata milimita moja, halisamehi.

Kosa kubwa la mwanagenzi ni kuburuta mshono mrefu kwa mkupuo mmoja. Joto hukosa pa kwenda, bati likatoboka au likapindika kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Mwambie atie tone moja, aachilie kifyatulio, angoje wekundu ufifie, kisha ahamie upande wa pili kabisa wa kiraka. Tone la tatu liwe katikati. Aendelee kurukaruka hivyo mpaka matone yakutane. Ndiyo, inachosha!

Waya wa milimita 0.6 unafaa kuliko ule wa 0.8, kwa kuwa huyeyuka kwa umeme mdogo. Na asikilize: mashine iliyorekebishwa vyema hulia kama mandazi yanayokaangwa. Waya ukimsukuma mkono nyuma, unatoka kwa kasi mno. Kingo za bati zigusane na zibanwe sawasawa, maana penye mwanya ndipo tundu huanzia.

Gesi nayo ina adui, upepo. Fundi wa kando ya barabara asipojikinga na upepo, gesi hupeperushwa na mshono hubaki na vishimo vishimo kama sifongo.

Bati lililopakwa zinki lisuguliwe kwanza hadi chuma kionekane, na kazi ifanyiwe mahali penye hewa. Moshi wake huleta homa na mwili kutetemeka usiku. Mafundi wetu huamini maziwa ni kinga. Mimi napenda maziwa, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni.

Kabla ya kugusa gari la mtu, kijana achukue vipande viwili vya bati la unene ule ule, aviunganishe, kisha avigeuze. Nyuma ya mshono paonekane kivimbe kidogo. Avikunje kwa nyundo. Vikiachana penye mshono, mlango wa matatu na usubiri wiki nyingine.