Kabla ya kuuza mashine ya kushona

Juzi, baada ya ibada, mama mmoja mwalimu alitufikia. Alitaka kuuza mashine yake ya kushona ili alipe masomo ya informatike ya miezi mitatu. Akauliza: «Mchungaji, kazi nitapata?» Hatukumjibu siku ile. Swali lake ni la wengi katika makanisa yetu, na linafaa kupimwa vema.

Sababu tunazijua. Vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, mabenki ya Goma yalifungwa, mishahara ikawa ya shida, na wengi wakatengwa na mashamba yao. Kompyuta inaonekana kuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Lakini mlango huo nao umekuwa mwembamba. Kwetu, kazi ya mwanzo ya informatike mara nyingi ni kuingiza majina na hesabu katika kompyuta za mashirika ya misaada. Mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na watu wengi wa mashirika wakapoteza kazi. Leo hao wenye uzoefu wa miaka wanatafuta nafasi ileile anayoitafuta mwanafunzi wa miezi mitatu.

Je, tusijifunze? Hapana, tujifunze. Ila tumeona kwamba anayefaulu mara nyingi si yule anayetupa kazi yake ya kwanza, ni yule anayeiongezea ujuzi. Muuguzi anayejua rejista za kituo cha afya, akijifunza DHIS2, programu ambayo nchi yetu hukusanyia ripoti za afya, atatambua pale hesabu inapodanganya. Asiyejua kazi ya kituo hataliona kosa hilo. Vilevile mwalimu anayeweza kupanga maksi na kuchapa mitihani anahitajiwa shuleni kwake. Paulo mtume hakuacha kushona hema alipokuwa Korintho.

Tena tujihadhari. Vijana wa Afrika, Wakenya na Waethiopia miongoni mwao, waliahidiwa kazi nzuri Asia, kumbe wakafungiwa Myanmar na kulazimishwa kuwaibia watu kwa njia ya intaneti. Anayedai pesa au pasipoti yako kabla hujaona kazi, mkimbie.

Bwana Yesu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Tuliketi na yule mama, tukahesabu. Mashine yake inalisha watoto wanne; haitauzwa. Parokia yetu ina kompyuta moja na paneli ya sola, nayo huwashwa siku ya kuchapa ripoti tu. Sasa kila Jumamosi mchana anakuja kujifunza, pamoja na wenzake watano.

Parokia ngapi zina kompyuta iliyolala hivyo? Tuziamshe.