Kisangani: Nyundo laini iingie katika kila sanduku la makanika, lakini isitengenezwe kwa sumu

Kisangani, Tshopo – Kando ya barabara za Makiso, Mangobo na Kabondo, kutengeneza kinga na pikipiki kumekuwa mkate wa vijana wengi. Kati yao wamo waliokimbia makwao upande wa Lubunga tangu ugomvi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka mwezi wa pili 2023. Kijana aliyeacha shamba ng'ambo ya mto hapati shamba lingine mjini. Anatafuta funguo mbili tatu, pompi na nyundo, anakaa chini ya mti, na wenye toleka wanaanza kuja.

Nyundo hiyo, mara nyingi, ni ya chuma tupu. Hasara inaanzia hapo.

Toleka, ambayo kwa Lingala maana yake ni "tupite", inabeba abiria, magunia ya makala na mikungu ya ndizi. Kinga nyingi za kazi hiyo zina pedali zinazoshikwa na klaveti: kijiti cha chuma kilichochongwa upande mmoja, chenye nati kwenye ncha. Klaveti ikilegea, pedali inacheza na lazima itolewe kwa kupigwa. Nyundo ya chuma ikigonga ile ncha, nyuzi zake zinapondeka na ncha inapanuka kama uyoga. Basi klaveti haitoki, na nati hairudi. Kazi ya dakika tano inakuwa ya kutoboa kwa mashine, na mwenye toleka anapoteza siku nzima. Kama kinga si yake, mwenye mali anangoja pesa yake jioni vilevile.

Kwa pikipiki ni hivyo hivyo. Chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu kikikwama, makanika anakipiga kichwani. Kinatoka, lakini nyuzi zimekufa. Zaidi ya hapo, chuma kigumu kikipiga chuma kigumu, kipande kidogo kinaweza kuruka na kuingia jichoni. Gurudumu linanunuliwa tena, jicho halinunuliwi.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Magari ya zamani ya Uingereza kama MG na Jaguar, yale ya magurudumu ya waya, yalishika kila gurudumu kwa nati moja kubwa ya katikati, ambayo ilipaswa kupigwa kila mara gurudumu linapotolewa au kurudishwa. Kwa hiyo wenye magari hayo walitumia nyundo yenye uso wa shaba, wa ngozi au wa risasi, ili nati isiharibike. Sheria ni ile ile kwa Jaguar na kwa toleka: kinachopiga kiwe laini kuliko kinachopigwa. Aumie yule ambaye ni rahisi kubadilishwa.

Makanika wazee watasema kwamba walifanya kazi miaka yote na nyundo ya chuma, na kinga zilitembea. Ni kweli. Lakini wale wazuri kati yao huweka kipande cha mti au cha shaba juu ya klaveti kabla ya kupiga. Huacha nati kwenye ncha, sawasawa na mwisho wa nyuzi, ili izilinde. Huweka gogo chini ya mguu wa pedali, ili pigo lisifike kwenye rulemani. Hiyo ndiyo akili ya nyundo laini. Vijana wanaojifunza leo barabarani wameiga pigo, lakini wengi hawakuonyeshwa kile kipande cha katikati.

Wengine watasema nyundo hiyo ni ghali. Ile ya dukani, labda. Lakini Tshopo ni jimbo la misitu. Seremala anaweza kuchonga nyundo kwa mti mgumu kama limbali kutoka katika mabaki ya mbao zake. Ngozi ya ng'ombe iliyokauka, ikikunjwa kwa nguvu na kubanwa ndani ya kipande cha bomba la chuma, inatoa uso mzuri. Mpira wa pneu ya zamani unafaa kwa kazi ndogo. Kwa klaveti iliyokwama, shaba ndiyo bora. Lakini shaba hiyo itoke katika vyuma chakavu vya halali, isitoke kwenye waya za umeme zilizokatwa usiku. Nyundo inayoacha mtaa mzima gizani haina faida kwa mtu.

Nyundo laini huisha, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Inataka kutunzwa. Shaba ikipigwa sana inakuwa ngumu na kingo zake zinapanuka: zikatwe kwa tupa kabla hazijaruka, kisha shaba itolewe, ichomwe motoni mpaka iwe nyekundu kidogo, na iachwe ipoe. Itakuwa laini tena. Ngozi isilale kwenye maji. Ikikauka sana, ipakwe mafuta kidogo. Mti ukipasuka, ubadilishwe. Mpini ukicheza, kazi isimame. Na siku ambayo uso umeisha hata chuma cha nyuma kinagusa gurudumu, hiyo si nyundo laini tena.

Limebaki jambo moja ambalo halifai kunyamaziwa: risasi. Si ile ya bunduki, ambayo mji huu unaijua vya kutosha, bali ile madini laini iliyomo ndani ya batri za gari. Inayeyuka kwa digrii 327, na moto wa makala unatosha. Ndiyo maana inavuta: mtu anavunja batri iliyokufa, anayeyusha risasi ndani ya sufuria, anaimwaga kwenye kopo, na nyundo imepatikana. Lakini vumbi na mabaki yake ni sumu inayoingia kwenye ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, pahali ambapo watu walifanya kazi ya batri za zamani. Huko Mombasa, wakaaji wa Owino Uhuru waliteseka karibu na kiwanda cha kuyeyusha batri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Katika kambi ya wahami, nyumba zimebanana, watoto wanacheza chini, na sufuria ni ileile ya pondu. Wakubwa wa kambi na wakuu wa mitaa wakataze kabisa kuvunja na kuyeyusha batri kati ya nyumba. Anayegusa batri anawe mikono na abadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto.

Mashirika yanayogawa vyombo vya kazi kwa vijana waliohama yaongeze nyundo moja ya shaba au ngozi na nyuso mbili za kubadilisha, pamoja na saa moja ya mafunzo kwa makanika mzee. Kijana akipewa nyundo ya chuma peke yake, amepewa kazi nusu. Nusu ile ingine inalipwa na mwenye toleka.